Mume Aanze Kupimwa: Somo kwa Wanandoa Wanaotafuta Mtoto Baada ya Miaka 35



Somo la toleo hili linahusu ndoa. Kamati ya daawa imenipa niliandike kwa sababu nasoma maabara ya tiba, na kwa sababu ninatoka Oraba, pale mpakani Koboko inapokutana na Sudan Kusini. Wengi wetu hapa chuoni hatujaoa wala kuolewa, na mtu anaweza kuuliza: vipimo vya uzazi kwa watu wa miaka 37 vinatuhusu nini?

Vinatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wapo wenzetu walimu na wauguzi wanaosoma wakiwa kazini, wana ndoa zao na wamo katika umri huo. Pili, kwetu West Nile msomi mmoja ndiye daktari, mwanasheria na karani wa ukoo mzima. Karatasi ya maabara ikifika nyumbani, utaitwa wewe uisome. Ukoo ukikaa kuamua kama mke arudishwe kwao au mume aongeze mke wa pili, utaulizwa wewe umesoma nini. Hapo neno lako linaweza kuokoa nyumba au kuibomoa. Mwisho wa somo hili nataka kila mmoja wetu aweze kusema maneno matatu bila kusitasita: wapimwe wote wawili, wasichelewe, na mume aanze.

Msingi wetu katika dini

Tuanze na Sura Ash-Shura, aya ya 49 na 50. Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba Yeye humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, huwachanganyia wengine wote wawili, na humfanya amtakaye kuwa tasa. Tazameni vizuri. Aya haikusema kwamba utasa ni wa wanawake. Imesema amtakaye, na mwanamume yumo humo.

Kisha tumwangalie Nabii Zakariya, amani iwe juu yake. Katika Sura Maryam anamlalamikia Mola wake kwa sauti ya chini. Anataja nini mwanzo? Anataja mifupa yake iliyodhoofika na kichwa chake kilichojaa mvi. Baada ya hapo ndipo anasema kwamba mkewe ni tasa. Katika Sura Aal Imran pia anaanza na uzee wake mwenyewe kabla ya kumtaja mke. Na katika Sura Al-Anbiya, aya ya 90, tunaambiwa kwamba Allah aliitikia dua yake, akampa Yahya, na akamtengenezea mkewe. Hilo la kutengenezewa linatuonyesha kwamba utasa ni jambo linaloweza kurekebishwa Allah akitaka, na kwamba kuutafutia njia si kukosa imani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na ponyo, na aliwaamuru watu watafute tiba.

Tukumbuke pia kwamba Bibi Aisha, Allah amridhie, hakuzaa. Cheo chake hakikupungua hata kidogo. Aliitwa Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake. Kwa hiyo tunatafuta mtoto, lakini hatumpimi mtu thamani yake kwa tumbo lake.

Miezi 6, si miaka 6

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kuna tatizo la uzazi pale mume na mke wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haikuingia. Katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilisema kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hii wakati fulani katika maisha yake. Si jambo la nyumba moja iliyorogwa.

Lakini miezi 12 ni kwa mke aliye chini ya miaka 35. Akiwa amefika 35, madaktari wanashauri vipimo vianze baada ya miezi 6. Akiwa na miaka 40 au zaidi, vianze mara moja. Sababu yake ni hii. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kama milioni 1 hadi 2. Akibaleghe yamebaki laki kadhaa, na akifika miaka 37 yamebaki kama 25,000. Hayaongezeki. Pia yale yanayobaki yamezeeka pamoja naye, kwa hiyo mimba huingia kwa shida na huharibika kwa urahisi zaidi. Mwanamke wa miaka 30 mwenye afya ana nafasi kama 20 kwa 100 ya kushika mimba katika kila mwezi anaojaribu. Akifika 40 nafasi hiyo imeshuka hadi kama 5 kwa 100.

Mbegu za mwanamume hutengenezwa upya maisha yake yote, ingawa nazo hupungua ubora kadiri umri unavyosonga. Basi katika nyumba ya watu wa miaka 37, mtaji unaopotea haraka zaidi ni wakati wa mke. Kila mwaka unaopotezwa kwa hirizi, kwa kulaumiana au kwa kusubiri mume akubali kupimwa, unakatwa kwake.

Kipimo cha mume

Karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, upande wa mume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mke. Kipimo chake ni kimoja cha kuanzia: kupima manii katika maabara. Hakichomi sindano, hakina mionzi, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na msururu wa vipimo vya mke. Ndiyo maana ni busara kianze hicho, au kifanyike wiki ile ile ambayo mke anaanza vyake.

Utaratibu ni huu. Mume akae bila kutoa manii kwa siku 2 hadi 7. Sampuli iingie yote kwenye chupa safi aliyopewa na maabara. Kama imetolewa nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili isipate baridi wala jua. Kwa mtu wa Oraba hili ni gumu, kwa hiyo alale Koboko au Arua, au atumie chumba cha hospitali. Kondomu ya kawaida isitumike kukusanyia, kwa sababu huua mbegu.

Majibu huangaliwa mambo manne. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, viwango vya chini ni hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, mbegu zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo zuri asilimia 4. Msishtuke mkiona asilimia 4, hicho ndicho kiwango. Na aliye chini ya viwango hivi si lazima awe hawezi kabisa kuzaa. Maana yake ni kwamba nafasi yake imepungua na daktari atafute sababu.

Majibu yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe. Mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa, na homa kali huzishusha kwa miezi kadhaa. Kwetu, ambako malaria haikosi, mume aliyeugua malaria kali mwezi uliopita amwambie daktari, na arudie baada ya miezi 3 hivi. Sababu nyingine ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye mfuko wa korodani, matumbwitumbwi yaliyompata baada ya kubaleghe, kisonono na klamidia zisizotibiwa, sigara na pombe. Nataka pia nitaje sindano na vidonge vya homoni ya kiume ambavyo baadhi ya vijana hujidunga kutafuta nguvu na misuli. Homoni hiyo ikiingia kutoka nje, korodani hupunguza kazi au huacha kabisa kutengeneza mbegu. Mtu huonekana dume, na chupa ya maabara inatoka tupu.

Tena nguvu za kitandani na uwezo wa kuzalisha ni mambo mawili tofauti. Wanaume wengi hukataa kipimo kwa kuchanganya mambo haya.

Vipimo vya mke

Vya mke ni vingi na kila kimoja kina siku yake. Asiyejua siku hizi husafiri bure, na nauli ya mpakani haina huruma. Siku ya 1 ni siku damu ya hedhi inapoanza.

Siku ya 2 hadi ya 4: damu ya kupima homoni zinazoendesha mayai, hasa FSH. Hapo hapo hupimwa tezi ya shingo na homoni ya maziwa iitwayo prolaktini, kwa sababu zikivurugika huzuia yai kutoka.

Siku ya 7 hadi ya 10, hedhi ikiwa imekwisha: picha ya eksirei ya mirija ya uzazi, iitwayo HSG. Dawa maalumu hupitishwa kwenye mlango wa mji wa mimba, na picha huonyesha kama mirija iko wazi. Huuma kama maumivu ya hedhi kwa muda mfupi. Kipimo hiki kina uzito wa pekee kwetu. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba Afrika ina mirija iliyoziba kwa maambukizi kuliko mabara mengine. Maambukizi hayo hutokana na magonjwa ya zinaa, au huingia baada ya kuzaa au mimba kuharibika bila huduma safi.

Siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa: damu ya kupima projesteroni, ambayo huonyesha kama yai lilitoka mwezi huo. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 21. Kwa mwenye mzunguko wa siku 35 ni siku ya 28. Wengi huambiwa siku ya 21 bila kuulizwa mzunguko wao, kisha wanaambiwa hawatoi mayai.

Ultrasaundi huonyesha fibroidi na uvimbe mwingine, na huhesabu vifuko vidogo vya mayai. Kipimo cha AMH hufanyika siku yoyote. Hiki hukadiria wingi wa mayai yaliyobaki. Hakisemi kama ni mazima, wala hakitabiri kama mke atashika mimba kwa njia ya kawaida. Dada akipata AMH ndogo asilie kana kwamba amehukumiwa. Maana yake kubwa ni kwamba asichelewe.

Na aliyewahi kuzaa asijione yuko nje ya somo. Mtoto wa miaka 10 iliyopita ni ushahidi wa mwili wa miaka 10 iliyopita.

Kisa cha nyumbani

Dada yangu mkubwa ana miaka 37. Yeye na mumewe wameniruhusu niandike haya, bila majina. Waliishi miaka 3 bila mtoto. Shemeji anafanya biashara ya malori kati ya Oraba na Kaya, na ana mtoto wa miaka 11 wa marehemu mke wake wa kwanza. Katika miaka hiyo 3 dada alipimwa mara mbili, akanywa mizizi ya aina nne, na akatajwa kwenye kila kikao cha ukoo. Shemeji hakupimwa hata mara moja. Mke wa pili alikuwa ameshatafutwa.

Nilipokuja likizo nikamwomba tuzungumze. Akaniambia, “Shemeji, mimi nina mtoto tayari. Sasa mimi nipimwe nini?”

Nikamwambia, “Mtoto ana miaka 11, shemeji. Na ukioa wa pili na yeye asizae, utamtafuta wa tatu? Chupa moja ya maabara itakujibu kabla hujalipa mahari.”

Ninadhani ni mahari ndiyo iliyomfanya acheke, na baada ya kucheka akakubali. Tulikwenda Arua. Majibu ya kwanza yalikuwa mbegu milioni 3 kwa mililita. Baada ya miezi 3 yalikuwa milioni 4. Daktari alimkuta na mishipa iliyovimba, akafanyiwa upasuaji mdogo. Mirija ya dada iko wazi na mayai yanatoka. Bado wanasubiri, na umri wa dada haungoji, kwa hiyo daktari ameshawaeleza hatua inayofuata. Sina habari ya mtoto ya kuwapa. Nina habari kwamba maneno ya mke wa pili yamekwisha, na kwamba shemeji aliwaambia wazee wake kwa kinywa chake mwenyewe tatizo liko wapi. Kwa mwanamume wa kwetu, hilo si jambo dogo.

Maswali ya fiqhi yanayoulizwa

*Sampuli itolewe vipi?* Njia isiyo na shaka ni mume kusaidiwa na mkewe. Yasipowezekana hayo, wanachuoni wengi wa zama zetu wameruhusu ajitolee mwenyewe kwa haja ya tiba. Baada yake josho ni wajibu.

*Aura je?* Mke atafute daktari au muuguzi wa kike kwanza. Asipopatikana, kanuni yetu ni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na hukadiriwa kwa kiasi chake. Kinachofunuliwa ni mahali pa kipimo tu, na mume au mwanamke mwingine awepo.

*Ramadhani je?* Kutoa damu ya kipimo hakubatilishi saumu kwa kauli ya wengi. Kutoa manii kwa makusudi hubatilisha. Kuingiza kifaa au dawa ukeni hubatilisha katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunafuata. Vipimo hivyo viwekwe nje ya mchana wa Ramadhani.

*Baada ya HSG mke ataswali?* Kipimo hakilazimishi josho. Matone ya damu yanayofuata ni ya jeraha, si hedhi. Ajisafishe, ajikinge, atawadhe, aswali. Damu ikizidi amwone daktari, na amuulize shekhe kuhusu swala.

Matibabu na mipaka yake

Mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Shekhe Jad al-Haq, alitoa fatwa, na mwaka 1986 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Amman ikapitisha uamuzi wake. Muhtasari wake ni kwamba yai la mke na mbegu ya mume wake, ndani ya ndoa iliyo hai, yanaruhusiwa kwa haja. Mbegu ya mtu mwingine, yai la mwanamke mwingine, au tumbo la kuazima ni haramu, kwa sababu nasaba inachanganyika. Ndoa ikikatika kwa talaka au kifo, ruhusa imekatika.

Hapa Uganda mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Kampala mwaka 2004. Mwaka 2018 ilifunguliwa hospitali maalumu ya wanawake Mulago, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Gharama ya tiba hii bado ni kubwa na safari ni ndefu, na nafasi ya kufaulu hupungua kadiri umri wa mke unavyopanda. Hiyo ni sababu nyingine ya kupima mapema. Vipimo vingi vya mwanzo havihitaji Kampala. Anzeni Koboko, kisha Hospitali ya Rufaa ya Arua au Kuluva. Ulizeni mapema kipimo gani kinafanyika wapi, siku gani na kwa bei gani, na tunzeni kila karatasi mnayopewa, msije mkalipia kipimo kile kile mara mbili.

Amana ya majibu

Imepokewa kwamba Umar bin Khattab, Allah amridhie, alimtuma mtu kazini, naye huko akaoa mke hali akiwa hazai. Umar alimuuliza kama alimweleza mkewe. Akasema hapana. Umar akamwamuru aende amweleze, kisha ampe mke hiari yake. Angalieni haki ya mke ilivyokuwa wazi tangu zama hizo. Mume akijua kwamba tatizo liko kwake, kisha akauacha ukoo umtukane mkewe, amekula haki yake. Na mke naye akijua la kwake, asimfiche mumewe.

Kwetu sisi wa maabara na uuguzi, majibu ni siri. Oraba ni mji mdogo, na neno moja la muuguzi sokoni hufika msikitini kabla ya Alasiri. Atakayevunja siri hii asidhani amepiga soga tu. Amefanya hiyana.

Maswali ya halaqa

1. Aya za Zakariya zinamfundisha nini mume ambaye hajapata mtoto?
2. Mke ana miaka 36 na wamejaribu miezi 8. Utawashauri waanze na nini, na wiki gani ya mzunguko?
3. Ukoo wako unataka mke arudishwe kwao na mume hajapimwa. Utasema nini kikaoni, na utamwambia nani kwanza?
4. Mzunguko wa mke ni siku 32. Apime projesteroni siku ya ngapi?

Tunamwomba Allah awape wanaotafuta kizazi chema chenye kutuliza macho, awape subira wasiojaaliwa, na atujaalie sisi tuwe watu wa kusema haki katika vikao vya jamaa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.